Sura ya Saba: Buti Zilizolazwa Kifudifudi

Maiti ilikuwa imekaa, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kwanza. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amezoea maiti zinazolala chini kwa adabu zao. Hii iliegemea mwamba, miguu mbele, kifua wazi, kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Barafu ilimganda kwenye kope. Juu kidogo ya sikio la kushoto palikuwa na tundu ambalo kidole gumba cha Inspekta kingeingia chote bila kubisha hodi.

"Aliteleza," alisema Msimamizi wa kituo cha waongozaji. "Akajigonga kwenye mwamba, halafu baridi ikammalizia."

"Mwamba gani una ncha ya namna hii?"

Msimamizi aliyatazama makoti ya Inspekta. Alikuwa mwanamke mfupi, mashavu yamebabuka kwa upepo, na tangu waanze kupanda alikuwa na ugomvi mmoja tu na Inspekta: makoti. Inspekta alizaliwa kwenye joto, akakulia kwenye joto, na aliposikia amepangiwa kazi mlimani alivaa makoti matatu kwa mpigo. Ofisini walishaanza kumwita Mama Makoti. Alijua wanamwita hivyo, na hakuvua hata moja.

"Afande, narudia, punguza. Umelowa jasho. Ukisimama, jasho linageuka barafu mgongoni. Huku watu hawafi kwa kukosa koti, wanakufa kwa jasho lao wenyewe."

"Huyu naye amekufa kwa jasho?"

"Huyu alivua nguo mwenyewe."

Inspekta aligeuka. Msimamizi akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wageni wapya. Baridi ikishampanda mtu kichwani, akili inamdanganya kwamba anaungua. Anavua koti, anavua shati, anavua buti, kisha anakaa chini na kufa. Yeye mwenyewe ameshawaokota watatu wa namna hiyo. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja, mwaka jana, mteremko huu huu.

Na hapo ndipo pabaya penyewe. Marehemu, fundi saa wa mjini, alikuwa kaka mkubwa wa kijana huyo. Alikuja jana na dada yake, mfumaji wa masweta, waoneshwe mahali alipofia mdogo wao. Alfajiri wakatoka na mwongozaji yule yule wa mwaka jana, mtu aliyeitwa Chuma. Chuma alirudi peke yake. Alisema wale ndugu walimgomea hapa njiapanda, wakasema wanaendelea wenyewe kupitia njia ya kulia, mpaka kibanda cha juu. Saa tatu wapagazi wawili waliokuwa wanapandisha kuni wakamkuta fundi saa hivi alivyo.

Dada mtu hakuonekana popote.

"Watu wangu wote nimewapeleka njia ya kulia," alisema Msimamizi. "Mpaka kibanda cha juu ni mwendo wa saa mbili. Jua linajificha nyuma ya mlima saa kumi. Likishajificha, mtu aliye nje bila nguo kavu hamalizi hata saa moja."

Inspekta aliangalia saa yake. Saa sita kasoro.

Alizunguka maiti mara mbili. Koti, sweta na shati vilikuwa chini kwenye theluji. Kofia ya sufi yenye rangi ya haradali na ukingo wa uzi wa kijani ilikuwa juu ya koti. Akaiinua. Ndani yake mlikuwa na glavu, moja imeingizwa ndani ya nyingine. Hatua mbili kutoka hapo, fimbo za marehemu za kutembelea zilikuwa zimechomekwa wima, na juu ya kila fimbo imevikwa buti, mdomo chini, soli juu.

"Hizi buti," alisema Inspekta.

"Zina nini?"

"Hujaona kitu?"

Msimamizi aliziangalia, akamwangalia Inspekta, kama mtu aliyeulizwa kama anaona mlango una bawaba. "Buti tu, Afande."

Inspekta akatia kofia na glavu zake kwenye mfuko wa koti la kati.

* * *

Walifika kituoni saa saba. Walipokanyaga barazani walikaribishwa na mlio wa mtu anayepigwa.

Sajenti alibaki chini kuhoji watu, na Sajenti alijua namna moja tu ya kuhoji. Alikuwa amemfunga dereva wa gari la kituo kwenye kiti, mikono nyuma, na kuvua mkanda wa suruali. Dereva alikuwa mtu mwembamba mwenye mdomo mrefu wa maneno. Sasa mdomo ulikuwa umevimba na kujaa damu, na jino moja la mbele lilikuwa sakafuni karibu na jiko la kuni.

"Amekiri, Afande!" Sajenti alikuwa anahema kwa furaha. "Jana jioni marehemu alimzaba kofi mbele za watu. Huyu akamwambia, ukipanda kesho hutashuka. Mashahidi ninao. Kesi imekwisha, tuteremke tukale."

Inspekta alivuta kigoda, akakaa mbele ya dereva. "Kwa nini alikuzaba kofi?"

"Maiti ya mdogo wake mimi ndiye niliyeiteremsha mjini mwaka jana. Akawa ananiuliza, alikuwa na nini, hakuwa na nini. Nikachoka, nikamwambia aende akamuulize maiti mwenyewe." Akameza damu. "Mdomo wangu huu, Afande, hata mama yangu ulimshinda."

"Leo ulimpiga na nini?"

Dereva alimtupia jicho Sajenti. "Na spana."

"Ukamvua nguo?"

"Nikamvua."

"Buti uliziweka wapi?"

Dereva akamtazama tena Sajenti, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye daftari la mwenzake. Sajenti akatazama dari.

"Nilizitupa."

"Ulizitupaje?"

"Nilizitupa tu, Afande! Kama mtu anavyotupa buti!"

Inspekta aliinuka, akatoka barazani, akasimama mbele ya safu ya viatu vya watu wa kituo. Kituo kizima kiliingia ndani na soksi. Ukutani palipangwa vijiti vifupi, na kwenye kila kijiti ilivikwa buti, mdomo chini, soli juu. Buti za Msimamizi, alizozivua dakika tatu zilizopita, zilikuwa zimeshavikwa hivyo hivyo. Jozi tatu tu zilikuwa zimesimama sakafuni midomo wazi: za Inspekta mwenyewe, za Sajenti, na za dereva. Za Sajenti na za dereva zilikuwa zimejaa theluji mpaka kwenye kamba.

"Msimamizi! Njoo hapa. Kwa nini mnazivika hivi?"

"Theluji isiingie. Buti ikilowa ndani, kesho vidole vinakatwa. Ndilo jambo la kwanza tunalomfundisha mwongozaji. Baada ya mwezi mmoja hata ukimwamsha usingizini, anazivika bila kufungua macho." Akacheka kidogo. Kicheko kikakatika katikati.

"Mtu anayekufa kwa baridi," Inspekta alisema, "amerukwa na akili, vidole vimekufa ganzi, anaungua. Atafungua kamba za buti, achomeke fimbo wima, azivike moja moja? Na glavu aziingize moja ndani ya nyingine, azifiche kwenye kofia?"

"Fundi saa hakujua kufanya hivyo," alisema Msimamizi polepole. "Jana alipoingia aliziacha buti zake mlangoni. Nilimgombeza."

"Basi aliyemvua anajua."

Ndani Inspekta alimwambia Sajenti amfungue dereva. Sajenti aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

"Na jino langu," alisema dereva akisugua mikono, "tafadhali nitunzie, Sajenti. Ni kielelezo."

* * *

Chuma aliitwa kutoka jikoni. Aliingia na kikombe cha maji ya moto, akajiegemeza ukutani chini ya sheria za kituo zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Alikuwa mrefu, mkimya, ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zimeliwa na baridi ya miaka ya nyuma. Kiunoni ilining'inia sururu yake ndogo ya kuchimbia barafu, upande mmoja bapa, upande wa pili ncha. Waongozaji wote walivaa hivyo, na hakuna aliyeijali.

"Pole na msiba, Chuma."

"Ndiyo kazi yetu, Afande. Niliwakataza, wakanigomea. Mtu mzima huwezi kumfunga kamba."

"Walishika njia gani?"

"Kulia. Kibanda cha juu."

"Wewe ukarudi moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Inspekta aliangalia juu ya jiko. Kwenye waya wa kukaushia kulikuwa na glavu nzito za ngozi, bado zinadondosha maji. "Zile za nani?"

"Zangu. Zililowa."

"Ulishuka mikono mitupu?"

Hata dereva alicheka, na kucheka kukamuuma. Msimamizi alionyesha ukutani. Sheria ya tatu: beba glavu za akiba, zikae kifuani zipate joto la mwili. "Hakuna anayetoka hapa bila akiba, Afande. Kila asubuhi nawakagua mwenyewe."

"Leo uliziona zake?"

"Nilizipapasa. Zilikuwepo."

"Uliziona?"

Msimamizi akatikisa kichwa. Kisha, kwa mazoea ya kila asubuhi, alimsogelea Chuma, akaingiza mkono kwenye ukosi wake, akachomoa. Ilikuwa jozi ya glavu za sufi zenye rangi ya haradali, na kwenye kifundo cha mkono, mzunguko mzima, ukingo wa uzi wa kijani.

Inspekta alitoa kofia mfukoni, glavu za marehemu zikiwa bado ndani yake, akaiweka mezani kando ya zile za Chuma. Sufi ile ile, kijani kile kile, mkono mmoja uliofuma.

"Dada mtu ni mfumaji," alisema. "Aliwafumia ndugu zake wote wawili. Mdogo wao mwaka jana hakujivua, Chuma. Ulimvua wewe, akiwa hai, ili nguo zake zikupashe joto ushuke wewe. Kisha ukasema akili ilimruka, na kila mtu akakuamini kwa sababu mambo hayo hutokea. Leo glavu zako zikalowa, ukachomoa akiba bila kufikiri. Mbele ya macho ya mwenye uzi."

"Ripoti ya kifo kile niliiandika mimi," Msimamizi alinong'ona. "Kwa mkono wangu."

Kikombe cha maji ya moto kilimpata Sajenti usoni. Sajenti akapiga ukelele na kuinua mkono, na mpini wa sururu ukaushukia mkono huo; mfupa ulilia kama kuni kavu. Chuma aligeuza ncha. Msimamizi alisukumwa akaangukia rundo la magogo. Inspekta alikuwa hajamaliza kuinuka pale sururu ilipomwingia ubavuni kwa nguvu zote za mtu aliyepasua barafu miaka kumi na mbili.

Ikaingia kwenye koti la kwanza. Ikaingia la pili. Ikafika la tatu, ikanasa.

Chuma alivuta. Haikutoka. Akavuta tena, na Inspekta akaja pamoja nayo, mzima mzima na makoti yake, akampiga kichwa cha pua. Damu iliruka mpaka kwenye sheria ya tano. Chuma aliachia mpini akamkamata koo, akambana ukutani mpaka visigino vikaacha sakafu, vidole vyake vifupi viwili vikichimba chini ya taya. Macho ya Inspekta yakaanza kuona nyota mchana kweupe.

Ndipo kiti kile kile alichofungwa dereva kilipomshukia Chuma magotini kutoka nyuma. Mara ya pili kikamshukia begani. Mara ya tatu hakikuwa tena kiti.

Dereva alisimama juu yake na mguu wa kiti mkononi, akitweta. "Andika, Sajenti," alisema kupitia pengo lake jipya. "Hili nimelifanya kweli."

* * *

Walimfunga Chuma pingu kwenye bomba la jiko. Inspekta alipiga magoti mbele yake. Shingo ya Inspekta ilikuwa na alama nyekundu za vidole kumi, viwili vifupi.

"Dada yao yuko wapi?"

Chuma alitema damu na kipande cha jino. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasoro robo."

"Basi subirini saa kumi," alisema. "Mtamwona tu. Huwa wanaonekana."

Sajenti, aliyekuwa anajifunga mkono kwa mkanda wake mwenyewe, alimpiga teke la mbavu. Kisha la pili. Chuma alicheka. Mtu wa kumtisha kwa maumivu alikuwa hajazaliwa. Alishakatwa vidole akiwa macho.

"Acha," alisema Inspekta. "Unampotezea muda ambao ndio anaoutaka. Msimamizi, ubao!"

Mlangoni palikuwa na ubao wa chaki. Kila anayetoka aliandikwa saa ya kutoka, na kila anayerudi saa ya kurudi, na aliyeandika alikuwa Msimamizi peke yake. Chuma na wageni wawili: kutoka, saa kumi na mbili. Chuma: kurudi, saa tatu na nusu.

"Kutoka hapa mpaka njiapanda?"

"Saa moja. Na kwenye theluji kushuka ni vile vile."

"Saa moja asubuhi yuko njiapanda. Ili afike hapa saa tatu na nusu aliondoka kule saa mbili na nusu. Yeye anasema alirudi moja kwa moja. Kwa muda wa saa moja na nusu alikuwa anafanya nini? Kuua mtu na kumvua ni dakika kumi. Kibanda cha juu hakufika, kwenda tu ni saa mbili."

Lakini Msimamizi hakuwa anaangalia ubao. Aliangalia misumari ya kutundikia kamba iliyopigwa pembeni, minane, kila mmoja na namba. Waongozaji waliopelekwa njia ya kulia walikuwa wamechukua kamba zao; misumari yao ilikuwa mitupu na majina yao yalikuwa ubaoni, nje. Msumari wa Chuma nao ulikuwa mtupu, na Chuma alikuwa ndani.

"Kamba yako iko wapi?" Msimamizi aliugusa msumari mtupu. "Chuma. Mwongozaji hashuki bila kamba yake. Iko wapi?"

Chuma aliacha kucheka.

"Njia ya kushoto," alisema Msimamizi. "Kuna kibanda cha zamani. Nusu saa kutoka njiapanda. Tulikifunga mwaka huu, paa limeoza. Mlango wake hauna kitasa, Afande, unafungwa kwa kamba. Kwa nje."

"Wawili kuvunjika vichwa siku moja ni wengi," Inspekta alisema. "Wa pili alimwachia baridi."

Alikwishafika barazani. Buti zake, alizoziacha zimesimama, zilikuwa zimeingia theluji. Akazikung'uta, akatukana, akavaa. Kisha akasimama, akavua koti moja, akalikunja kwapani. Msimamizi aliona, akashika njia.

* * *

Walipanda watatu: Msimamizi mbele, Inspekta katikati, dereva nyuma na blanketi na chupa ya chai. Walipofika njiapanda upepo ulikuwa umeamka. Uliwapiga usoni kama mchanga. Kila mara Inspekta alipotaka kukimbia, Msimamizi alimshika mkono: "Taratibu. Ukilowa jasho nitawabeba wawili." Dereva alisema yeye habebi mtu yeyote leo, amechoka kwa kupigwa.

Jua lilikuwa limebaki kama upana wa kiganja juu ya mlima walipokiona kibanda. Kilikuwa kimeegama upande mmoja, theluji mpaka madirishani. Mbele ya mlango zilichomekwa fimbo mbili. Juu ya kila fimbo, mdomo chini, soli juu, ilivikwa buti ndogo ya mwanamke.

"Hata hapa," alisema dereva. "Hata hapa hakuweza kujizuia."

Kamba ilikuwa imezungushwa mara nne na kufungwa kwa fundo la waongozaji. Msimamizi hakuhangaika kulifungua; alikata kwa kisu. Inspekta alisukuma mlango kwa bega akaingia.

Gogo la kuni lilimpata begani, pale pale kwenye koti.

"Polisi!" alipiga kelele.

"Hata yeye alisema ni mwongozaji!" Gogo likaja tena. Likamkosa kichwa, likavunja rafu.

Msimamizi alipenya akamkumbatia aliyekuwa na gogo, wakaanguka wote wawili. Ilikuwa kama kukumbatia godoro. Yule mwanamke, akiwa na sweta moja tu, alikuwa amevuta majani makavu ya paa lililooza na kuyashindilia ndani ya sweta, mgongoni, tumboni, mikononi, mpaka akawa duara. Miguu yake yote miwili aliiingiza kwenye begi lake na kulifunga magotini. Kiganja kimoja kilikuwa kimechanika, damu imeganda. Midomo ilikuwa ya bluu, lakini maneno yalitoka.

"Sheria ya sita," alisema meno yakigongana. "Ukutani kwenu. Ukikosa nguo, jaza chochote kikavu. Kaka alicheka jana. Alisema tutafanana na magunia."

Inspekta alimvika koti lililokunjwa. Dereva alimsogezea kifuniko cha chai, akamshikia, kwa sababu mikono yake mwenyewe mwanamke hakuiweza. Msimamizi alimfungua begi, akaiweka miguu yake ndani ya shati lake, tumboni, ngozi kwa ngozi.

Mwanamke alikunywa. Akamtazama mmoja mmoja. Akahesabu watu waliokuja.

"Dereva, wewe ulimbishia jana. Sema wewe, huwa husubiri. Nilipoburutwa huku kaka yangu alikuwa ameanguka, bado anapumua. Yuko wapi?"

Mdomo uliomshinda mama yake ulisema tu, "Kunywa kwanza." Dereva aliangalia kifuniko cha chai.

Inspekta aliingiza mkono mfukoni. Kofia ilikuwa imepata joto. Mfumaji aliipokea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kijani mzunguko mzima, polepole, kama anayetafuta mahali alipoanzia. Nje jua lilizama nyuma ya mlima, na kibanda chote kikawa cha bluu mara moja.

"Hiyo ni kielelezo, Afande," dereva alinong'ona. "Mahakamani wataitaka."

"Wataipata," alisema Inspekta. Aliichukua, akamvika mfumaji, akamshushia mpaka masikioni. "Kichwa kikiwa wazi joto lote linatoka. Sheria ya ngapi hiyo?"

"Ya kwanza," alisema Msimamizi.

Wakamnyanyua. Barazani Msimamizi alizichomoa zile buti ndogo kwenye fimbo. Zilikuwa kavu kabisa ndani. Akazivalisha miguuni mwa mwenyewe, akafunga kamba mara mbili, na wakaanza kushuka taratibu, mtu asitoe jasho.